Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kuwaeleza juu ya mtu aliyeuthibitisha msemo huu baharini, ingawa hakuwa Mswahili. Huyu ni Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani.

Maury alizaliwa Virginia mwaka wa 1806, akajiunga na jeshi mwaka wa 1825. Aliizunguka dunia kwa merikebu iliyoitwa Vincennes. Lakini mwaka wa 1839 gari la farasi alimokuwa lilipinduka, akavunjika mguu vibaya. Kazi ya merikebuni ikamwishia. Jamani, baharia bila bahari afanye nini?

Mwaka wa 1842 alipewa ofisi ya ramani na vyombo huko Washington. Humo alikuta marundo ya madaftari ambamo manahodha waliandika kila siku: wako wapi, upepo watoka upande gani, mkondo wa maji una nguvu gani. Wengine waliyaona takataka tu. Maury na wasaidizi wake waliigawa bahari kwa miraba, kisha kila habari ikawekwa katika mraba wake na mwezi wake. Habari moja haitoshi, lakini mia zikikubaliana, nahodha hajui kubahatisha tena. Ramani zilianza kutoka mwaka wa 1847. Manahodha walipewa bure, mradi nao walete madaftari yao.

Mwaka wa 1851 merikebu ya Flying Cloud ilitoka New York hadi San Francisco, kupitia ncha ya kusini ya Amerika, kwa siku 89. Nyingine zilichukua hata miezi sita! Aliyeonyesha njia kwa ramani za Maury ni Eleanor Creesy, mke wa nahodha. Wasichana, mmesikia? Mwaka wa 1853 mataifa 10 yalikutana Brussels, yakakubaliana kuandika habari za bahari kwa namna moja.

Basi mwaka wa 1861 Virginia ilipojitenga, Maury alijiuzulu akaenda upande wa Kusini, uliopigania utumwa uendelee. Alifariki mwaka wa 1873. Sanamu yake mjini Richmond iliondolewa mwaka wa 2020.

Je, tusisome habari zake? Mimi naona tuzisome, tena zote, nzuri na mbaya. Daftari linaloandika upepo mwema peke yake litampeleka nahodha mwambani.