Hesabu ya Kutajwa: Je, Yapima Ubora wa Mtafiti?

Mwaka 1951 jarida moja la kemia ya viumbe nchini Marekani lilichapisha makala ya kurasa 11 iliyoandikwa na Oliver Lowry na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Makala hiyo haikutangaza tiba ya maradhi yoyote. Ilieleza namna ya kupima kiasi cha protini: protini huchanganywa na shaba ndani ya maji yenye alikali, kisha hutiwa kemikali iitwayo Folin, na mchanganyiko hugeuka buluu. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Hata hivyo, jarida la Nature lilipofanya hesabu mwaka 2014, makala hiyo ilikuwa imetajwa na watafiti wengine zaidi ya mara 305,000. Wakati huo hakukuwa na makala nyingine ya sayansi iliyofikia idadi hiyo.

Kutajwa maana yake ni nini? Mtafiti anapoandika matokeo yake hulazimika kuonyesha mwishoni, katika orodha ya marejeo, ni kazi za nani alizozitegemea. Kwa muda mrefu orodha hizo zilisomwa kwa kuelekea nyuma tu: kutoka makala mpya hadi zile za zamani. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyezigeuza. Katika Fahirisi ya Marejeo ya Sayansi, aliyoanza kuitoa mara kwa mara mwaka 1964, msomaji aliweza kuanza na makala ya zamani na kuona wote walioitaja baadaye. Chombo hicho kilikusudiwa kumsaidia mtafutaji wa maandiko, mfano wa ramani kwa msafiri. Muda si muda wenye kuajiri na wenye kugawa fedha za utafiti walianza kukitumia kama mizani ya kuwapima watu.

Hapo ndipo kisa cha Lowry kinapofundisha. Alikuwa ameitumia njia yake kwa miaka kadhaa na kuwagawia wenzake bila kuichapisha. Mwenzake, Earl Sutherland, ambaye baadaye, mwaka 1971, alipata Tuzo ya Nobel, ndiye aliyemhimiza aiandike ili awe na makala ya kutaja. Kwa hiyo karibu kila maabara iliyopima protini ilimtaja Lowry kwa sababu ile ile fundi anayotajia aina ya msumeno alioutumia. Hesabu ilipima matumizi. Kwa upande mwingine, makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA, ambayo ilibadili elimu nzima ya viumbe, haikuwamo hata katika makala 100 za kwanza mwaka 2014. Ujuzi ukishaingia katika vitabu vya shule, nani atataja tena chanzo chake?

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza fahirisi nyingine, inayotazama kazi zote za mtu kwa pamoja. Tuchukue mtafiti mwenye makala tano zilizotajwa mara 40, 12, 6, 4 na 3. Fahirisi yake ni 4, kwa kuwa anazo makala nne ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara nne. Wanafunzi wajaribu wenyewe: mtu mwenye makala moja tu, hata kama imetajwa mara 305,000, atapata ngapi? Atapata 1. Kipimo kinachomzuia mwenye bahati moja kujivuna ndicho hicho hicho kinachomdhulumu aliyeandika machache yenye uzito.

Tena kuna suala la mahali na wakati. Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958, katika jarida la wapasuaji la Uingereza, habari za uvimbe wa saratani katika mataya ya watoto wa Afrika. Mwanzoni wachache waliijali makala hiyo. Kama kazi yake ingekatiwa hukumu kwa hesabu ya miaka miwili ya kwanza, ingeonekana hafifu. Lakini tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Epstein alishuku papo hapo kwamba huenda kirusi ndicho chanzo. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964, mwaka ule ule wa fahirisi ya Garfield, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Epstein alivutwa na mhadhara uliotolewa ukumbini, wala hakuongozwa na wingi wa marejeo.