Bakuli la paka wa pwani

Samaki wanaposhushwa soko la Deep Sea jijini Tanga, paka huwa wameshajipanga chini ya meza za kupara. Huambulia matumbo, mashavu na vichwa vya vibua, vyote vibichi. Mtindo wa kumlisha paka vyakula vibichi, unaobishaniwa sana Ulaya na Marekani, kwa watu wa Mkinga hadi Pangani ni jambo la tangu na tangu. Kilichobadilika ni maisha ya paka mwenyewe. Yule anayefungiwa ndani Raskazone au Chumbageni, asije akagongwa na bodaboda, hali tena panya wala mjusi, anakula anachowekewa. Wengi humpa ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa. Wengine, wakisikia kwamba ubichi ndiyo asili yake, humhamishia kwenye samaki wabichi watupu. Naona njia zote mbili zina kasoro moja: paka anapewa sehemu ya mlo akidhaniwa amepewa mlo kamili. Na linapokuja suala la samaki, sufuria inamfaa kuliko ubichi.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mwindaji wa panya na ndege wadogo, na mwili wake haujaacha kumtegemea mnyama. Karoti haimpi vitamini A, kwa sababu hawezi kuigeuza rangi yake ya manjano kuwa vitamini hiyo kama tufanyavyo sisi. Jambo zito zaidi ni taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, hasa moyo, na kwenye viumbe wa baharini. Paka huitengeneza kidogo mno, huku nyongo yake ikiitumia kila siku. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake walionyesha kwamba paka aliyenyimwa taurini huharibika retina ya jicho hadi kupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko California wakagundua kwamba upungufu huohuo hutanua moyo na kuudhoofisha, na kwamba paka wengi walipata nafuu walipoongezewa taurini. Ugali hauna taurini hata chembe. Paka wa ugali anayeonekana mzima mara nyingi ana mlo mwingine asiousema: panya wa stoo na mijusi wa ukutani. Mfungie mlango, na mlo huo umekwisha.

Mtu atasema basi tumpe samaki mbichi, tumalize. Tatizo ni kwamba baadhi ya samaki wana kimeng'enya kiitwacho thiaminezi, ambacho huivunja vitamini B1. Madhara yake yalijulikana Minnesota mwaka 1932, mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya katika shamba la J. S. Chastek walipopooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi wa maji baridi. Paka hudhurika vivyo hivyo. Kwanza hukataa chakula, kisha huyumba, mboni za macho hutanuka, kichwa huinamia kifuani, na mwishowe hushikwa na degedege. Kimeng'enya hiki kimepatikana katika spishi kadhaa za jamii ya saradini na ya dagaa wa baharini, yaani walewale wanaouzwa kwa fungu na walio rahisi kumtupia paka. Mlo mmoja wa samaki hao wabichi hauleti madhara hayo. Hatari iko kwa paka ambaye hana kingine, wiki baada ya wiki.

Joto hukiua kimeng'enya hicho, na hapa ndipo upishi wa pwani unapotoa jibu zuri. Samaki wa chukuchuku, kabla ya chumvi, ndimu na kitunguu kuingia, ni chakula chema cha paka, mradi apewe pamoja na maji yake. Taurini huyeyuka majini. Anayechemsha vichwa vya changu akamwaga supu, amemwaga alichokuwa akikitafuta. Kitunguu na kitunguu saumu vikae mbali kabisa, maana huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Dagaa wakavu waliochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa wanafaa kama kionjo, tena waoshwe kwanza. Jodari nao wasiwe mlo wa kila siku: mafuta yao mengi yasipoambatana na vitamini E ya kutosha husababisha uvimbe wenye maumivu katika mafuta yaliyo chini ya ngozi. Jodari au kibua aliyekaa juani hujenga histamini, sumu ambayo hata jiko haliitoi.

Watetezi wa ubichi wana ushahidi wao. Kati ya 1932 na 1942 daktari Francis Pottenger wa California aliwalisha paka kundi moja nyama mbichi na jingine nyama iliyopikwa, na waliokula iliyopikwa wakadhoofika kizazi hadi kizazi. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kwamba paka huhitaji taurini kutoka kwenye chakula, na maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mlo wao ulipungukiwa virutubisho. Sitaki kuubeza ubichi wote. Panya mzima ni mbichi, na ndiye mlo bora ambao asili imempa paka, kwa kuwa ana moyo, ini, damu na mifupa kwa kipimo. Mnofu mtupu hauna kipimo hicho: una fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, na mtoto wa paka anayeulishwa peke yake mifupa yake hulainika na kuvunjika. Ini tupu kila siku nalo humjaza vitamini A hadi shingo ikakakamaa. Moyo na firigisi za kuku, ini kidogo na shingo yenye mifupa laini vinakaribia mnyama mzima. Shingo ikipikwa, mifupa itolewe, kwani mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kalisi basi itafutwe kwenye unga wa maganda ya mayai.

Wanaouogopa ubichi wa kuku wana haki. Salmonela hupita kutoka bakuli hadi mikono ya watoto, na paka anayekula nyama mbichi anaweza kupata vimelea vya toksoplazma na kuvitoa kwa kinyesi, jambo la hatari kwa mama mjamzito. Desemba 2024 huko Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa homa ya mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga. Kwa nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga, kuku naye apikwe, na supu yake ibaki bakulini.

Mabadiliko yenyewe yaende taratibu. Paka huzoea ladha tangu udogoni na anaweza kukikataa kigeni kabisa. Akiwa mnene na akashinda siku kadhaa bila kula, mafuta hujazana kwenye ini na kumuua. Usimkomeshe kwa njaa. Changanya kijiko kimoja cha chakula kipya katika kile alichokizoea, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili au zaidi, na asipogusa bakuli kwa siku nzima mrudishie cha zamani. Yule ambaye ameshaanza kuyumba baada ya miezi ya samaki wabichi hana muda wa kusubiri wiki hizo: apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa kuwa sindano ya vitamini B1 ikiwahi humwinua mara nyingi ndani ya siku chache.