Kurithi umbo la ukurasa bila kurithi maneno ya jana

MWENYE shamba katika eneo la Konza akipoteza hatimiliki yake, msajili wa ardhi hutoa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kumpa nyingine. Ilani hutaja jina la mwenye ardhi, ukubwa wa shamba na nambari yake ya usajili, kisha huwapa watu siku 60 za kupinga. Siku hizo zikipita bila pingamizi, hatimiliki mpya hutolewa.

Anayefungua toleo lolote la gazeti hilo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, ataona ilani za namna hiyo zikifuatana kwa umbo moja na karibu kwa maneno yale yale. Yanayobadilika ni majina, nambari na tarehe. Kazi kama hii mpangaji kurasa haianzi upya kila wiki. Huchukua umbo la ukurasa kutoka waraka mmoja na kulitumia katika mwingine. Ni busara, maana muda huokolewa na msomaji hukuta kila kitu mahali alipokizoea.

Hata hivyo, tarakimu moja ya wiki iliyopita ikisahaulika, ilani itataja shamba la mtu mwingine, naye aliyekuwa na haki ya kupinga atalitafuta shamba lake gazetini asilione. Konza ni mahali ambapo kosa hilo ni jepesi kutendeka. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa ya ranchi kabla ya kugawanywa, hivyo nambari za mashamba jirani hufuatana na kutofautiana kwa tarakimu tu. Ekari 5,000 zilizokuwa za Ranchi ya Malili ndizo serikali ilizonunua kwa ajili ya jiji la teknolojia, ambalo Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Tangu hapo thamani ya ardhi ya eneo hilo si jambo la mzaha.

Njia inayotumiwa na wengi ndiyo mbaya kuliko zote: kufungua faili ya toleo lililopita, kuihifadhi kwa jina jipya, kisha kufuta maneno ya zamani na kuandika mapya juu yake. Jicho huona kilichofutwa, wala halioni kilichobaki. Maneno ya kale yanaweza kujificha katika safu isiyoonyeshwa, au yakasalia mahali pasipobadilishwa kwa sababu yanafanana mno na yanayotakiwa.

Dawa yake ni kiolezo. Hiki ni faili yenye pambizo, safu, vichwa na mitindo ya aya, lakini haina habari yoyote ndani. Ikifunguliwa, programu hutoa nakala isiyo na jina, nayo faili ya asili hubaki ilivyo. Penye nambari ya shamba huachwa nafasi tupu au alama ambayo hakuna atakayeidhania kuwa nambari halisi.

Ndani ya kiolezo mna ukurasa mama, unaobeba vitu vinavyojirudia kama vile jina la chapisho, mistari ya safu na nambari za kurasa. (Mwaka 2021 kampuni ya Adobe ililibadilisha jina lake la Kiingereza, waliokwisha kuuita ukurasa mama hawakuwa na la kubadilisha.) Katika InDesign, ukurasa mama wa waraka mmoja unaweza kupakiwa katika mwingine. Kukiwa na wenye jina hilo hilo tayari, programu huuliza kama uchukue nafasi ya ule wa awali au upewe jina jipya. Swali hilo lisijibiwe kwa haraka.

Mitindo ya aya ni hadithi nyingine, kwa kuwa hapo hakuna swali linaloulizwa. Matini yakinakiliwa kutoka waraka mmoja hadi mwingine, na nyaraka zote mbili zina mtindo wenye jina moja, ule wa waraka unaopokea ndio hushinda. Tuseme mtindo uitwao "Ilani" una herufi za pointi 9 katika waraka wa kwanza na pointi 10 katika wa pili. Matini yatavimba, na mstari wa mwisho utasukumwa nje ya kisanduku chake usionekane tena. Kinachobaki ni alama ndogo nyekundu ya kujumlisha kwenye kona, nayo haichapishwi karatasini. Katika ilani ya hatimiliki, mwishoni ndipo penye tarehe na jina la msajili, na siku 60 huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Kikaguzi cha programu hutaja matini yaliyofurika, mradi kuna mtu wa kukitazama kabla ya faili kwenda mtamboni.

Liko pia tatizo la umri. PageMaker, programu iliyotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1985 na kuyafanya mambo haya yawezekane mezani pa mtu yeyote, ilitoa toleo lake la mwisho mwaka 2001. Matoleo ya karibuni ya InDesign hayafungui faili zake. Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba Publisher, inayopendwa na ofisi ndogo nyingi, ingefikia ukomo Oktoba 2026. Konza kuna kituo cha kitaifa cha data, lakini kuhifadhi faili hakuipi ofisi programu ya kuifungua.

Kwa hiyo kila kiolezo kinafaa kuwekwa pia katika umbizo la IDML, ambalo InDesign imekuwa ikilitoa tangu mwaka 2008 na ambalo hata Scribus, programu isiyolipiwa, inaweza kulisoma. Nakala ya PDF iwekwe kando yake, ili atakayekuja kukijenga upya ajue kilivyoonekana.