Mutoto SS Anatoka kwa Baba na kwa Mama



Katika makartie ya wafanyakazi wa mine kuna ugonjwa mumoja wenye kuvunja nyumba nyingi. Mutoto anazaliwa muzima. Kisha miezi sita hivi mikono na miguu inavimba, analia usiku, macho yanageuka manjano, damu inapunguka. Munganga anapima, anasema: "Ni SS." Hapo jamaa wanaanza kuulizana: nani amemuroga? Mama mukwe anaonyesha bibi kidole. Wengine wanatafuta mulozi ndani ya ukoo, na feza ya dawa inaishia kwa waaguzi.

Tujifunze jambo hili polepole, maana kutojua kunaua sawa vile ugonjwa wenyewe.

MAHARAGI MBILI MUFUKONI

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili muna nyuzi nyembamba sana, zinaitwa kromozomu. Ziko 46: 23 za baba, 23 za mama. Zinabeba ADN, ni kama barua ndefu iliyoandikwa kwa herufi ine tu. Kipande cha barua chenye kutoa agizo moja kinaitwa jeni. Kuna jeni yenye kuagiza namna ya kutengeneza hemoglobini, ile inayofanya damu kuwa nyekundu na kubeba hewa safi mwilini.

Kila mutu iko na jeni hiyo mara mbili, sawa maharagi mbili mufukoni. Ile ya kawaida inaitwa A, ile yenye kosa inaitwa S. (A hii si gurupu ya damu, musichanganye.) Mwenye AA ni muzima. Mwenye AS ni muzima pia, anabeba S bila kujua. Mwenye SS ndiye mugonjwa.

Wakati wa kuzaa, baba anatoa haragi moja bila kuchagua, mama vilevile. Kama wote wawili ni AS, kila mimba iko na njia ine: AA, AS, SA, ao SS. Ni mara moja juu ya ine kuzaa SS. Na hesabu inaanza upya kila mimba: kuwa na mugonjwa mumoja si kusema watatu watakaofuata watapona. Lakini AS akioana na AA, hawazai SS.

KOSA LA HERUFI MOJA

Katika mwaka wa 1910, munganga James Herrick wa Chicago aliandika juu ya mugonjwa mwenye chembe za damu zilizopindika kama mundu. Katika 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini yenyewe ndiyo iko tofauti. Kisha, ndani ya miaka ya 1950, Vernon Ingram akapata mahali pa kosa: katika munyororo wenye shanga 146, ushanga wa 6 tu umebadilika. Ndani ya ADN, ni herufi moja!

Hemoglobini S ikiisha kutoa hewa yake, inashikamana, chembe inapindika na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu yale. Tena chembe ya kawaida inaishi siku 120 hivi, lakini ya SS siku 10 mpaka 20 tu. Ndiyo sababu ya damu kupunguka.

SABABU GANI S HAIKUISHA?

Mutu atauliza: kama watoto SS walikufa tangu zamani, namna gani S ingali nyingi? Jibu ni mbu. Katika 1954 Anthony Allison, aliyekomalia Kenya, alionyesha kwamba watoto AS wanavumilia malaria kali kuliko AA. Vizazi na vizazi, AA wengi walikufa na malaria, SS walikufa na ugonjwa wao, AS wakabaki na kuzaa. Wenye sayansi wanaita jambo hili uchaguzi wa asili, na ni mulango mumoja wa kufahamu evolusio. Kwa hiyo S inapatikana pia Arabuni, India na Ugiriki, mahali malaria ilizoea kukaa. Si laana ya ukoo wako. Lakini hata AS alale ndani ya chandarua. Malaria inaweza kumupata.

TUFANYE NINI?

Vijana, mupimwe mbele ya kutoa mali, si kisha arusi. Muombe kipimo cha elektroforezi ya hemoglobini. Kile cha Emmel, ambacho labo nyingi zinafanya, kinaonyesha kama S iko, lakini hakitenganishi AS na SS.

Wenye mutoto SS: anywe maji mengi, asipigwe baridi, apate chanjo zote na dawa ya kuzuia malaria. Homa ikipanda, hospitali siku ile ile. Asibebe mifuko ya mawe wala kushinda juani kwenye mashimo: kiu na uchovu vinaleta maumivu. Muulize munganga juu ya hidroksiure, dawa yenye kupunguza mashambulio. Lakini musiinunue sokoni bila yeye.

Na wewe bwana unayetaka kurudisha bibi kwao, fanya hesabu tena. S ya bibi peke yake haizai SS. Ya pili ilitoka mufukoni mwako.