Nani akulinde kwenye mataa: trafiki au kamera?

Leo tuanzie barabarani.

Ni asubuhi. Umevaa sare, begi liko mgongoni, umesimama kwenye mataa. Taa ya magari imewaka nyekundu, ya waenda kwa miguu imewaka kijani. Kwa sheria, zamu ni yako. Lakini je, unavuka hapo hapo? Wengi wetu tunaangalia kwanza kulia, kushoto, halafu kulia tena. Tunajua kwamba yupo dereva ambaye kwake nyekundu ni ushauri tu. Siku akiwepo trafiki, dereva huyo huyo anasimama nyuma ya mstari, mpole kama kondoo. Trafiki akienda kunywa chai, mambo yanarudi pale pale.

Ndiyo maana nchi kadhaa zilijiuliza: kwa nini tusiweke jicho lisilokwenda kunywa chai? Jicho hilo ni kamera ya mataa. Je, inafanya kazi kuliko askari? Hebu tulitazame jambo hili taratibu.

Jarida la afya na mataa, wapi na wapi?

Swali zuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo duniani. Yaani umri wako wewe unayesoma hapa. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Hawa hawana bati la kuwakinga.

Na wanaopona si wote wanaorudi kama walivyokuwa. Kuna wanaobaki na mguu mfupi, na kuna wanaobaki na ubongo ulioumia kiasi cha kushindwa kuendelea na shule. Kwa hiyo mataa ni suala la afya, kama vile chandarua na maji safi.

Trafiki: anachoweza na asichoweza

Tusimbeze trafiki. Yeye anaona mengi. Anamwona dereva aliyelewa, anaona tairi kipara, anaona daladala iliyojaza mpaka watu wananing'inia mlangoni. Tena anaweza kuisimamisha gari hapo hapo, kabla haijaua mtu. Umeme ukikatika mataa yakazimika, yeye ndiye taa. Gari la wagonjwa likija, anafungua njia. Ndiyo maana akisimama katikati na kuongoza magari, amri yake ndiyo inayofuatwa, hata kama taa inasema vingine.

Lakini trafiki ni binadamu. Jua linamchoma, mvua inamnyeshea, miguu inamuuma. Hawezi kuangalia pande zote nne kwa wakati mmoja. Na dereva akipita na nyekundu, mara nyingi askari akitaka kumkamata inabidi amkimbize, pengine naye apite kwenye nyekundu ile ile. Hapo ajali zinaweza kuwa mbili.

Halafu kuna lile jambo tunalolijua sote. Kioo cha gari kinashushwa, watu wawili wanaongea kwa sauti ya chini, leseni inatoka ikiwa imekunjiwa kitu ndani. Gari linaondoka. Si trafiki wote wanaofanya hivyo, na anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Lakini dereva akishajua kwamba nyekundu ina bei ndogo ya pembeni, nyekundu inapoteza maana yake.

Kamera inafanyaje kazi?

Kifaa hiki kina historia ya kuchekesha kidogo. Mholanzi mmoja, Maurits Gatsonides, alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Mwaka 1953 alishinda Rali ya Monte Carlo. Alitengeneza kifaa cha kupimia mwendo wake mwenyewe kwenye kona, ili aweze kwenda kasi zaidi! Baadaye vifaa vya kampuni yake vikawa ndivyo vya kuwakamatia wanaokwenda kasi.

Kamera ya mataa huunganishwa na taa zenyewe. Karibu na mstari wa kusimamia huwekwa nyaya chini ya lami, au rada, za kutambua kwamba gari limepita. Taa ikiwa kijani, kamera imelala. Taa ikiwa nyekundu na gari likavuka mstari, kamera hupiga picha mbili. Ya kwanza inaonyesha gari likiwa kwenye mstari na taa ikiwa nyekundu. Ya pili inalionyesha likiwa katikati ya makutano. Hapo dereva hawezi kusema "nilikuwa nimesimama". Tarehe, saa na namba ya gari vyote vinaandikwa. Kwa kawaida mtu hupitia picha hizo kwanza, halafu notisi ya faini inatumwa kwa mwenye gari.

Umeona? Hakuna kioo kinachoshushwa wala kuongea pembeni. Gari la mkubwa na gari la mdogo vyote ni namba tu. Kamera hailali, hailoi wala haina shemeji.

Lakini nayo ina upofu wake. Haijui kama dereva amelewa. Haisimamishi gari, inapeleka karatasi baadaye, na mlevi anaendelea na safari yake. Namba ikiwa ya bandia au imepakwa matope, kazi imekwisha. Na anayepelekewa faini mara nyingi ni mwenye gari, wakati aliyekuwa kwenye usukani ni mtu mwingine kabisa.

Waliopima walikuta nini?

Marekani wamebishana sana juu ya kamera hizi, na wakapima. Katika mji wa Oxnard, jimbo la California, kamera zilifungwa mwaka 1997 kwenye makutano machache tu. Watafiti walikuta magari yanayopita na nyekundu yamepungua kwa karibu asilimia 40, hata kwenye mataa yasiyo na kamera. Madereva hawakujua ipi inaona na ipi haioni, basi wakaheshimu zote. Ajali zenye majeruhi kwenye makutano yenye mataa zikapungua kwa asilimia 29.

Usifurahi haraka. Mwaka 2005 serikali ya Marekani ilichapisha utafiti wa maeneo 7 yenye kamera. Ajali za kugongwa ubavuni zilipungua kwa karibu asilimia 25. Ila ajali za kugongwa nyuma ziliongezeka kwa karibu asilimia 15. Kwa nini? Dereva wa mbele anaona njano, anakumbuka kamera, anakanyaga breki ghafla. Wa nyuma, aliyemkaribia mno, anamvaa.

Sasa wewe utasema: si ni yale yale? Hapana. Gari likigongwa nyuma, kuna buti na viti vinavyopunguza nguvu. Likigongwa ubavuni, kati yako na gari linalokuja kuna mlango na kioo tu. Kichwa, mbavu na nyonga ndivyo vinavyopokea pigo. Mara nyingi ajali ya ubavuni ndiyo mbaya zaidi.

Hata hivyo majibu hayafanani kila mahali. Mji wa Houston, Texas, ulipiga kura mwaka 2010 kuziondoa kamera zake. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba ajali za ubavuni ziliongezeka baada ya kamera kuondoka, lakini za aina nyingine zilipungua. Hawakuona ushahidi kwamba kamera zilikuwa zimepunguza jumla ya ajali. Kwa hiyo kamera si dawa ya kila ugonjwa.

Rushwa haikimbii mashine

Huenda unafikiri: sawa, lakini angalau kamera haili rushwa. Kweli, haili. Ila anayeinunua anaweza kula. Chicago ilianza kufunga kamera za mataa mwaka 2003. Mwaka 2016 John Bills, ofisa wa jiji aliyekuwa akisimamia mradi huo, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kupokea hongo ili kampuni fulani ipewe kazi. Kitu kidogo cha dirishani kiligeuka kitu kikubwa cha ofisini!

Tena mwaka 2014 ilibainika kwamba katika jiji hilo madereva walikuwa wakitozwa faini hata pale taa ya njano ilipodumu kwa muda usiofika sekunde 3. Hebu piga hesabu. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, linapita mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Ukimpunguzia njano, unamtegea hata dereva mzuri.

Philadelphia walifanya kinyume chake. Kwenye makutano waliyochagua, waliongeza muda wa njano kwa kama sekunde moja. Waliopita na nyekundu wakapungua kwa asilimia 36, bila kamera wala askari. Ndipo wakafunga kamera, na wale waliobaki wakapungua kwa asilimia 96. Fundisho ni hili: tengeneza kwanza taa iliyo ya haki, halafu mkamate anayeikaidi.

Kwa majirani zetu

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Rwanda imefunga kamera za mwendo, na wananchi wamezipa jina la utani, Sofia. Dereva akizidisha mwendo, ujumbe wa faini unamfikia kwenye simu. Uganda nayo ilianza mfumo wa faini za kamera mwezi Juni 2025, lakini mwezi huo huo ukasimamishwa ili uangaliwe upya, baada ya watu kulalamika sana. Unaona jinsi mambo yalivyo. Watu wakiamini kwamba kamera imewekwa kuokoa maisha, wataivumilia. Wakiona imewekwa kukusanya hela, wataipinga, hata kama inaokoa.

Basi nani mshindi?

Kila mmoja ana kazi yake. Kwa kosa moja la kupita na nyekundu, kamera ni bora, kwa sababu iko pale saa 24 na haichagui mtu. Kwa ulevi, magari mabovu, kujaza abiria na taa zilizozimika, hakuna kinachomfikia askari mwaminifu. Dereva hasimami kwa kuogopa ukubwa wa faini. Anasimama kwa sababu ana uhakika kwamba akipita atakamatwa. Anayeleta uhakika huo, awe mtu au mashine, ndiye anayekulinda.

Lakini kuna jicho la tatu, nalo ni lako. Nikwambie jambo ambalo silipendi. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nilipanda bodaboda kuwahi mtihani. Tulipofika kwenye mataa, nyekundu ikawaka. Yule kaka akachungulia, hakuona trafiki, akapita. Mbele yetu mtoto wa shule alikuwa ameshaanza kuvuka. Alirudi nyuma hatua moja, tukampitia karibu kiasi kwamba niliona daftari likimdondoka. Mimi nilikuwa nimeona nyekundu kabla ya wote. Ningeweza kusema, "Kaka, tusubiri." Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nawahi. Mtihani nilifaulu. Ila yule mtoto, angechelewa hatua moja tu, leo ningekuandikia nini?

Kwa hiyo, kabla kamera haijafika mtaani kwenu, fanya haya:

1. Taa ya kijani ya kuvukia isikupumbaze. Subiri uone magari yamesimama kweli, upande zote, hata njia ya pikipiki pembeni.

2. Ukiwa abiria, sema. "Dereva, nyekundu hiyo." Ukianza wewe, utashangaa abiria wangapi watakuunga mkono.

3. Ukipanda bodaboda, vaa kofia ngumu na uifunge mkanda. Usimwambie dereva "kaza mwendo". Haraka yako inaweza kuwa msiba wa mwenzako.

4. Kama mataa karibu na shule yenu yameharibika, au muda wa kuvuka ni mfupi mno, pelekeni taarifa kwa mwalimu na serikali ya mtaa. Hesabuni sekunde kwa saa na muandike. Hesabu zikiandikwa, ni vigumu mtu kuzipuuza.

5. Siku utakapokuwa wewe kwenye usukani, na wengi wenu siku hiyo haiko mbali, simama. Hata usiku, hata pakiwa hakuna trafiki wala kamera.

Kesho asubuhi ukifika kwenye mataa, angalia ni magari mangapi yanapita baada ya nyekundu kuwaka. Yahesabu. Halafu waulize wenzako darasani: hapa kwetu tunahitaji kamera, askari, au vyote viwili? Mkishajadili, tuandikieni.

Vuka salama.