Roboti ya mizigo ni mtoto wa kutumwa (2)

Wiki iliyopita tuliitazama roboti ya kupeleka mizigo ilivyo. Leo swali ni mtoto wa Tandahimba aanzie wapi kuielewa, na jibu langu ni kwamba aanzie kwenye kutumwa, kazi anayoijua tangu ajue kutembea. Ukimwambia "kalete chumvi dukani", yale usiyoyasema huyajaza mwenyewe: atawapisha mbuzi, na akikuta duka limefungwa atakwenda la pili. Roboti haijazi chochote. Basi mtoto mmoja afungwe kitambaa usoni awe roboti, mwenzake amwandikie amri: hatua 10 mbele, geuka kulia, hatua 4, tua mzigo. Akijigonga kwenye mkorosho, kosa ni la mwandishi. Karatasi inarudi, linaongezwa sharti: ukigusa kitu, simama, rudi hatua 1. Hapo ameshaandika programu. Lugha ya Logo, aliyoibuni Seymour Papert na wenzake huko Marekani mwaka 1967, ilikuja kuwawezesha watoto kumwendesha kobe wa roboti sakafuni kwa amri za namna hiyohiyo, kwa hiyo anayesema tungoje kwanza kompyuta anachelewesha bure.

Usanifu nao watoto wa Tandahimba wamekwishauanza, kwa magari ya waya yenye magurudumu ya ndala. Roboti za kampuni ya Starship zinazopeleka vyakula Milton Keynes, Uingereza, tangu 2018 zina magurudumu sita madogo yanayofaa njia ngumu. Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, iliko Tandahimba, yangezama. Mwaka huohuo wa 2018 ndege isiyo na rubani ya kampuni ya Wingcopter ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza, takriban kilomita 60 kwa dakika 40, ikipaa wima kama helikopta ili isihitaji uwanja wa kutulia. Umbo linafuata mahali. Mtoto akipanua gurudumu kwa kuunganisha ndala mbili, amelielewa hilo kuliko akikariri.

Wapo wanaohofu kwamba tunawafundisha watoto kuua kazi ya bodaboda. Rwanda, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zinadondosha damu kwa mwavuli tangu 2016, na pikipiki bado zimejaa barabarani. Pingamizi lenye uzito ni jingine: karatasi haimwonyeshi mtoto betri inavyoisha katikati ya mteremko. Kwa hilo hapana budi kupata mota halisi, na nyingi zimelala ndani ya deki mbovu kwa mafundi redio.