Wali wa Saa Ngapi? Kula Kwa Mama Ntilie na Mtoto Mdogo Ukiwa Mgeni Mtinko

Familia inayohamia Mtinko, mkoani Singida, iwe ya mwalimu aliyetoka Kagera, ya muuguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Carolus au ya daktari wa kujitolea kutoka Ulaya, haimalizi wiki ya kwanza bila kula kwa mama ntilie. Vyombo bado vimefungwa, mkaa haujanunuliwa, na mtoto wa miaka miwili analia njaa. Wazazi wengi hapo huchagua mgahawa kwa macho: kitambaa cha meza, viti vipya, sakafu ya vigae. Mimi ninayeshughulika na lishe ya watoto ningewaomba watangulize swali moja: chakula hiki kimeepuliwa saa ngapi?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio ya magonjwa yanayotokana na chakula. Watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 9 tu ya watu wote duniani, lakini wanabeba asilimia 40 ya mzigo wa magonjwa hayo, na wapatao 125,000 hufariki kila mwaka. Mwili mdogo una akiba ndogo ya maji. Kuhara ambako baba yake atakuvumilia siku mbili kunaweza kumlegeza mtoto kwa saa chache.

Chukua wali, ambao wazazi huuamini kuliko chakula kingine kwa kuwa ni laini na hauna pilipili. Mchele mara nyingi huwa na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu sufuriani zinaamka, bakteria wanazaana, na baadhi yao hutengeneza sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Kwa hiyo kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha hakiokoleki, hata ukikipasha mpaka kitoe moshi. Hotpoti nayo inawadanganya wengi: ikishindwa kuhifadhi joto kali, inawapa bakteria uvuguvugu wanaoupenda. Kanuni ni kwamba chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi joto 60, na kikishuka chini ya hapo kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa kuwa hakuna anayekwenda kula na kipimajoto, tazama jiko. Maharage yanayotokota ni salama kuliko wali uliofunikwa tangu asubuhi kwenye mgahawa mzuri zaidi. Ugali wa uwele au wa mtama una bahati yake: ukipoa hakuna anayeutaka, hivyo husongwa upya kila mara.

Kuku wa kienyeji ndiye fahari ya Singida, na mgeni atashawishiwa kumla wa kuchoma. Wewe kula. Mtoto mwagizie mchemsho, kwa sababu moto wa mkaa huweza kubabua ngozi huku nyama iliyogusa mfupa ikiwa bado na damu. Mchambulie nyama kwa mkono wako, uikate vipande vidogo sana. Ya kienyeji ni ngumu, na mifupa yake hukatika vipande vyenye ncha. Kachumbari isubiri akue. Badala yake nunua ndizi umenye mwenyewe.

Asali inahitaji tahadhari ya pekee, maana Singida ni mkoa wa asali na watu wake ni wakarimu. Mwenye mgahawa akimpakata mwanao, anaweza kumlambisha kidogo au kuitia kwenye uji badala ya sukari. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe kabisa, hata iwe safi kiasi gani. Asali huweza kubeba spora za botulizimu, ambazo utumbo mchanga hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Kuichemsha kwenye uji hakuziui. “Ahsante sana mama, huyu bado hajafikisha mwaka” ni jibu la heshima na litaeleweka.

Jagi la maji mezani lina jambo lisiloonekana. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi kutoka kwenye miamba. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Anayepita kwa siku mbili hana la kuogopa. Ninyi mnaoishi hapa mwaka baada ya mwaka, na mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi hadi karibu miaka minane, mna sababu ya kuuliza chanzo cha maji. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Waulizeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama chanzo chenu kimepimwa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa yanamfaa mtoto.

Mkishapata mama ntilie mmoja mnayemwamini, mwombeni amtengee mtoto mchuzi kabla ya kutia pilipili, na mwambieni mapema saa mtakayofika. Wengi hufurahi kuambiwa, na sahani ya mtoto itatoka motoni moja kwa moja.

Nyumbani wekeni pakiti za ORS, yaani dawa ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Akianza kuhara, mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Macho yakibonyea, akilia bila machozi, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.